Samaki Waliokaliwa

Miaka ile ya tisini, sokoni Nachingwea palikuwa na wanawake tisa waliouza samaki wa kubanika, na wanane kati yao walikuwa watu wa kawaida. Wa tisa alikuwa Hajra. Sisemi alikuwa mkorofi, maana hakuwa. Alikuwa mtu wa kushuku, na kazi hiyo ya kushuku aliifanya kwa bidii kuliko biashara yenyewe. Ukimwamkia, alikutazama kwanza usoni ajue umekuja kutaka nini, ndipo aitikie. Noti aliiinua juani hata kama imetoka mkononi mwa imamu. Mafuta ya taa aliyatikisa, unga wa muhogo aliunusa, na kijana alipokuja kutoka Kilimarondo kumposa bintiye Sofia, Hajra alimwekea muhogo mkavu autafune mbele yake, apate kuona kama meno yote ni yake. Yalikuwa yake, na ndoa ikafungwa.

Wateja walimvumilia kwa sababu moja tu: mtu anayeshuku kila kitu hauzi kitu kibovu. Changu wa Hajra alikuwa mkavu na mzima kutoka kichwa mpaka mkia, na akina mama wa mjini walisema ukimlaza kwenye sahani ya mgeni hakutii aibu. Jina hilo ndilo lililokuwa utajiri wake, ukiondoa nyumba ya udongo aliyoachiwa na mama yake na mikorosho michache kule Narung'ombe, upande wa Ruangwa, alikozaliwa.

Samaki aliletewa na mumewe, Masoudi. Huyu alikuwa mwanamume mrefu, mpole, wa maneno ya kuhesabika, aliyehamia kwa mkewe kama ilivyo desturi ya Wamwera, akaja na baiskeli, mkeka na sanduku la bati. Kila juma alishuka pwani ya Lindi kwa baiskeli, akanunua tenga zima la samaki waliokwisha kubanikwa, akalifunga kwenye keria na kurudi nalo kupitia Mtama na Nyangao, akiisukuma baiskeli kwenye milima na kuiachia kwenye miteremko. Alifanya hivyo miaka ishirini. Katika miaka hiyo yote Hajra hakuwahi kumkuta na kosa, jambo ambalo kwa mtu kama yeye lilikuwa la kutia wasiwasi kidogo.

Mambo yaliharibika mwaka wa tisini na tano, mwaka ule ule Ruangwa ilipokatwa kutoka Nachingwea ikawa wilaya yake. Siku hiyo Hajra alifungua tenga, akamshika changu kwa kichwa, na mkia ukaning'inia kama kitambaa. Kwa nje alikuwa mzima, ngozi haina mkwaruzo. Ndani uti wa mgongo ulikuwa umekatika. Akamshika wa pili, vivyo hivyo. Karibu nusu ya tenga walikuwa hivyo, na wengine ukiwaweka kwenye sinia walimeguka wenyewe. Masoudi alipoulizwa alisema barabara mbaya, kisha akaenda kuoga.

Wateja wakaanza kurudisha. Siku moja mwenye hoteli alirudisha samaki saba kwa mpigo, na Mwanabibi akaona. Mwanabibi alikuwa akiuza vitumbua meza ya pili yake, mwanamke mnene, mcheshi, mtani wa Hajra tangu wakiwa wali unyagoni. Alimchukua samaki mmoja, akampindapinda, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza nyanya:

"Shoga, hawa samaki wamekaliwa. Muulize shemeji anampakia nani njiani."

Soko zima lilicheka. Hajra naye alicheka, maana mtani hakasirikiwi. Lakini utani ukimwingia mtu kama Hajra hautoki tena. Unatafuta pembe, unatandika mkeka, unakaa.

Usidhani alikuwa mjinga. Alilipima jambo lile kama hakimu. Ignasi, mchukuzi mwingine, alipita barabara ile ile, mashimo yale yale, na samaki wake walifika wazima. Kwa hiyo si barabara. Baiskeli ya Masoudi ilikuwa imara kuliko ya Ignasi. Kwa hiyo si baiskeli. Kilichobaki ni uzito uliowekwa juu ya tenga baada ya safari kuanza, na uzito wa namna hiyo, unaoanzia mahali na kuishia mahali, una jina na una kanga. Alimwona kabisa yule mwanamke. Alimpa umri, akampa mwendo. Kwa hesabu yake alikuwa anapandia Mtama na kushukia Nyangao, na hakuwa mwembamba.

Kuanzia hapo nyumba iliingia ugonjwa. Masoudi akirudi, Hajra alipokea baiskeli kabla ya kumpokea mtu. Alilipapasa tenga kutafuta bonde la makalio. Alinusa keria akitafuta harufu ya mafuta ya nywele, akapata harufu ya samaki, akasema moyoni kumbe na huyo mwanamke ni mjanja. Mara moja alikuta kamba ya tenga imeongezwa kipande cha kitenge cha kike. Masoudi akasema amepewa na wabanikaji kule pwani, wanawake wazee. Hajra akauliza wazee kiasi gani. Akimuuliza habari za safari alisema salama. Akimuuliza samaki wamevunjwa na nini, alitazama pembeni na kusema barabara. Na hapo ndipo palipomuumiza kweli, maana miaka ishirini ameishi naye na alijua uso wake unavyokuwa akificha jambo. Aliona kabisa kwamba anaficha. Hilo hakukosea.

Wahenga walisema ukimchunguza sana bata hutamla. Hajra alimchunguza bata wake miaka miwili, na mwezi wa sita mwaka wa tisini na saba, ufuta ukiwa bado umesimamishwa mashambani, alimpeleka Narung'ombe kwa mjomba wake.

Kwao, ndoa ikiumwa mganga wake ni mjomba. Mjomba Shaibu alikuwa fundi wa kushona, mwenye hasira za karibu, na aliwasikiliza huku mguu ukiwa bado juu ya cherehani. Hajra alieleza yote, akatoa na ushahidi: samaki sita wa tenga la mwisho, amewafunga kwenye gazeti. Mjomba akamtaka Masoudi aape kama hana mwanamke njiani. Masoudi akaapa pale pale, bila kusita, kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mjomba akaridhika, akataka kurudi kwenye suruali aliyokuwa akiishona. Lakini Hajra akasema hajamaliza.

"Sasa aape hajui kilichowavunja."

Masoudi alinyamaza. Mjomba akamwambia, mkwe, sema. Masoudi aliangalia chini, akafungua mdomo, akaufunga. Kimya kile kilikuwa kirefu mpaka mke wa mjomba akatoka jikoni kuja kuona kuna nini. Ndipo Hajra akasimama mbele ya watu wote akasema huyu mtu ni mwongo, kiapo chake cha kwanza nacho ni uongo, na yeye hawezi kulala na mwongo. Akataka talaka. Mjomba alijaribu kumkalisha, hakukalika. Masoudi alikuwa mpole, lakini mpole naye ana mpaka wake, na kuitwa mwongo wa kiapo mbele ya wakwe ulikuwa mpaka. Alimpa talaka moja. Akarudi Nachingwea, akafunga mkeka na sanduku kwenye keria ile ile iliyonuswa, akaenda kwa jamaa zake Chinongwe.

Talaka moja si kaburi. Hajra alikuwa ameingia kwenye eda, tohara tatu baada ya hedhi, kama miezi mitatu hivi, na ndani ya muda huo Masoudi angeweza kumrejea kwa neno moja tu. Ikipita, wangekuwa watu baki, mpaka posa mpya na ndoa mpya, na umri wao na kiburi chao visingewafikisha huko. Kila mtu alilijua hilo. Mwalimu wa madrasa alimruhusu kutoka kwenda kutafuta riziki yake, basi akawa anakwenda sokoni na kurudi, akinunua samaki wa Ignasi, na kila jioni akiingia ndani alikuta upande mmoja wa kitanda umetandikwa kama alivyouacha. Alimkosa. Ningesema uongo nikisema hakumkosa. Lakini wale samaki sita aliwaweka kwenye uchaga juu ya moshi wa jiko, wasioze, ili siku moyo ukilegea awashushe, awapinde, apate hasira upya.

Mwezi wa nane, eda ikiwa zaidi ya nusu, waliingia wageni sokoni. Walikuwa watatu, na soko liliwashuku wote kabla Hajra hajaanza. Wakaitwa watu wa kodi. Wakaitwa mabwana afya waliokuja kumwaga samaki. Kijana wao, jina lake Kaimu, ndiye aliyesema kwanza, akaeleza kwamba wanachunguza matumbawe ya baharini, na hapo ndipo mambo yalipozidi, maana bahari iko Lindi na Nachingwea kuna mikorosho. Mtu anayekuja kutafuta bahari mahali pasipo na bahari, walisema wauza nyanya, anatafuta kitu kingine.

Hajra aliwatazama tangu walipoingia. Kulikuwa na mama wa makamo jina lake Letisia, mkavu, mwenye nywele zilizokauka kwa chumvi. Huyo kazi yake ilikuwa kuzamia. Kulikuwa na Silvanus, daktari wa mifugo aliyegeukia samaki, na kisu chake kidogo mfukoni. Na huyo Kaimu, ambaye hakujua kuogelea wala kupasua. Yeye alisomea watu na masoko yao. Walipita meza baada ya meza wakiulizia jambo moja, nalo lilimfanya Hajra asimame: wanataka kununua samaki waliovunjika mgongo.

Nani duniani hununua kilichovunjika kwa hiari yake? Hajra aliliona jibu mara moja. Masoudi amewatuma. Amekaa Chinongwe huko, ametafuta watu wenye suruali za mjini waje kumsafisha. Akawaita, akawaambia anao, sita, na akawauliza wanamjuaje Masoudi wa Chinongwe. Walitazamana. Letisia akasema hawamjui mtu huyo. Hajra akasema vizuri sana, akampa Mwanabibi alinde meza, akaenda nyumbani, akarudi na gazeti lake.

Silvanus alimpasua wa kwanza juu ya meza, akamfungua kama kitabu. Kando ya uti wa mgongo, pale ulipokatika, palikuwa na mstari mweusi ulioganda ndani ya nyama, kutoka karibu na kichwa mpaka karibu na mkia. Akamwonyesha Hajra kwa ncha ya kisu.

"Hii ni damu, mama. Mfupa ukivunjika samaki akiwa hai, damu inamwagika ndani na kubaki nyamani. Huyu hakuvunjikia barabarani. Alipofika kwenye moto wa kubanikwa alikuwa ameshavunjika."

Mdomo wa Hajra haukulegea. Akasema maneno ya mgeni ni maneno tu. Damu nyeusi yeye ameiona mara nyingi, nani amemwambia samaki aliyekaliwa hawi nayo vilevile? Silvanus akataka kueleza, Hajra akamzuia kwa mkono. Alitoa samaki wazima wa Ignasi, wanene, akawapanga kwenye tenga tupu, akafunika kwa majani na gunia kama Masoudi alivyokuwa akifunika. Kisha akageuka.

"Mwanabibi, njoo ukae."

Mwanabibi alidhani ni utani. Alipoona si utani, alijifuta unga mikononi, akakusanya kanga zake, akakaa juu ya tenga kwa uzito wote aliojaliwa na Mungu. Tenga lililia. Hajra akamwambia ajitikise kidogo, hapo ni Nyangao, kuna mashimo. Mwanabibi akajitikisa. Watu walijaa mpaka juu ya meza za nyanya, na wale wageni watatu, ambao walikuwa wamesoma miaka mingi, walisimama kando wakingoja kama watoto wa shule. Kaimu peke yake ndiye aliyekuwa akiandika.

Mwanabibi alipoinuka, Hajra alichukua kisu cha Silvanus bila kuomba. Samaki waliokaliwa na Mwanabibi walikuwa wamepasuka ngozi kwa nje, mbavu zimebonyea, na mgongo umekatika katika sehemu mbili tatu. Lakini pale mfupa ulipokatika nyama ilikuwa kavu na nyeupe. Hapakuwa na tone. Akampasua wa pili wa Masoudi, akakuta mstari mweusi chini ya ngozi nzima. Wa tatu, mstari mweusi. Akapasua mpaka wa sita, na alipofika wa sita alikuwa anapasua polepole sana, kwa sababu akimaliza ingembidi ainue uso.

Letisia ndiye aliyeeleza, na alieleza kwa maneno ya kueleweka. Matumbawe, alisema, watu huyadhania mawe, kumbe ni viumbe vidogo vidogo vinavyojenga nyumba juu ya nyumba, na ndani ya nyumba hizo changu na tasi huzaa na kulea. Mtu anayetaka samaki wengi kwa dakika moja hutupa baruti. Mshindo unavunja migongo ya samaki na unavunja nyumba zao, na nyumba iliyovunjwa haiinuki tena katika umri wa mtu. Yeye alikuwa akizamia na kuona mashimo, lakini wavuvi walimwambia ni mawimbi ya kusi, naye hakuwa na la kujibu. Kaimu alikuwa akifuata matenga huku bara, na kila alipoona mgongo uliovunjika aliambiwa ni barabara, naye hakuwa na la kujibu. Silvanus alikuwa na kisu na hana samaki wa kupasua. Mwaka mzima kila mmoja alidanganywa peke yake kwenye kazi yake, mpaka walipopanda gari moja. Na hata hivyo, alisema, hawakuwahi kufikiria kumkalisha mtu. Akamwomba Hajra ruhusa waliandike jaribio lake.

Hajra alikuwa na swali lake kwanza.

"Mnunuzi anayekwenda dikoni, anayesimama pale pwani wakati samaki wanashushwa, anajua?"

Kaimu ndiye aliyesema. "Mama, mlio wa baruti unasikika kijiji kizima."

Siku ile Hajra alikwenda nyumbani mapema. Alikuwa na mambo mawili moyoni na yote mawili yalitaka nafasi. La kwanza lilikuwa furaha, tena furaha ya kutia haya: yule mwanamke wa Mtama, mnene, mwenye kanga, hakuwahi kuzaliwa. Miaka miwili amemchukia hewa. La pili lilikuwa lile jibu la Kaimu, na hilo alilisukuma nyuma kadiri alivyoweza. Kesho yake alikwenda Narung'ombe. Mjomba Shaibu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba yeye ni mpumbavu, kwamba mume ni mpumbavu, na kwamba suruali ya mteja aliyoiunguza kwa pasi siku ya kesi ile haijalipwa mpaka leo. Kisha akafunga cherehani, akaenda mwenyewe Chinongwe kupeleka salamu.

Masoudi alikuja baada ya wiki mbili, Ijumaa, alasiri. Mkeka na sanduku vilikuwa kwenye keria. Alikuwa amekonda. Hajra alimwandalia maji ya kunawa, ugali wa mtama na kunde. Samaki hakumwekea. Alipomaliza kula, Hajra alikaa kwenye kibao mbele yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaomba radhi. Alisema alimwita mwongo wa kiapo na hakuwa mwongo; alisema alimpa mwanamke ambaye hakuwepo; alisema aibu aliyomfanyia mbele ya wakwe ataibeba yeye. Maneno yalimtoka kwa shida, na Masoudi akamwambia basi, Mama Sofia, yameisha.

"Hayajaisha, Baba Sofia. Ulijua?"

Masoudi akatazama pembeni. Ule uso ukarudi, ule ule wa miaka miwili, na Hajra akauona.

Masoudi alieleza. Kwenye madiko ya zamani samaki walipungua kila mwaka. Nyavu zilirudi na majani, na hata Ignasi aliyebaki huko hakujaza tenga tena. Diko moja tu ndilo lililokuwa na samaki wa kujaza tenga, na alipofika huko alisikia mishindo mwenyewe, akaona samaki wanavyookotwa juu ya maji. Wenye baruti walimwambia ukitaka kununua hapa, ule yamini. Walimshikisha Msahafu, akala yamini kwamba hatamwambia mtu yeyote, hata mkewe, kinachowavunja wale samaki. Aliogopa dhambi ya kiapo. Aliogopa pia kwamba Hajra akijua atakataa kuuza, na jina lake lilikuwa samaki. Siku ile kwa mjomba, alisema, ulimi ulikuwa mdomoni na yamini ilikuwa shingoni. Angefanyaje?

Alilisema hilo kwa unyonge wa kweli, na mtu mwingine yeyote angemhurumia. Hata mimi namhurumia. Lakini Hajra alikuwa akihesabu. Miaka miwili huyu mtu amemwona akinusa keria, akipapasa tenga, akikosa usingizi kwa ajili ya mwanamke wa hewa, na neno moja la kumponya alikuwa nalo.

"Kiapo ulicholishwa na watu wa baruti umekitunza miaka miwili," alisema. "Ndoa yangu ya miaka ishirini umeivunja kwa nusu saa, ili kile kisivunjike."

Masoudi akanyoosha mgongo kama mtu aliyeamua, akasema alilojia.

"Nimekuja kukurejea, Mama Sofia."

Sasa sheria ya jambo hili iko hivi. Mume akitaka kurejea ndani ya eda, hana haja ya ruhusa. Lakini hesabu ya eda iko mwilini mwa mwanamke, na anayeijua ni yeye peke yake. Akisema imekwisha, na muda wa kutosha umepita, neno lake ndilo ushahidi. Hakuna shahidi wa pili anayeitwa. Hajra alilijua hilo, na Masoudi alilijua.

"Umechelewa," alisema. "Eda imekwisha."

Alimtazama usoni alipokuwa akisema. Alitaka aone kitu pale. Alitaka Masoudi akunje uso, aulize lini, aulize imekwishaje, ahesabu kwa vidole kuanzia mwezi wa sita, aseme Hajra wewe unanidanganya. Yeye angefanya hivyo. Yeye angemtuma mwalimu, angemtuma Mwanabibi, angekaa mlangoni mpaka apate ukweli.

Masoudi alivuta pumzi. "Haya," alisema. "Nimekusadiki."

Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akashukuru kwa chakula. Hakuwa amefungua mkeka, basi hapakuwa na cha kufunga. Akaiegemeza baiskeli kiunoni, akaigeuza, akatoka nayo barabara ya Ruangwa, na hakuangalia nyuma kwa sababu hakuwa na wasiwasi na alichoambiwa.

Siku hizi ukienda soko lile utaona wauza samaki wote wanampasua mmoja wa kila tenga kabla ya kulipokea, na wachukuzi wamejifunza kutopeleka Nachingwea mgongo wenye mstari mweusi. Wale wataalamu walirudi mara tatu nne kuliandika jambo hilo, wakamwita Hajra mwalimu wao mbele ya watu. Alipenda kuitwa hivyo. Lakini habari za eda yake hakumwambia mtu mpaka miaka mingi ilipopita, na aliyeambiwa ni Mwanabibi, ambaye siku hiyo peke yake hakupata la kutania.

Siku Masoudi alipokuja, eda ilikuwa imebaki siku nne. Siku hizo nne Hajra hakwenda sokoni. Alikaa barazani kwake, akitazama barabara ya Ruangwa, akisubiri Masoudi amshuku, ageuze baiskeli, arudi kuuliza. Ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Ya nne alikaa mpaka jua likazama, kisha akaingia ndani, kwa sababu yule mtu alikuwa amemwamini.